Majani ya mpasheni kwa asopata usingizi, kuna alowahi kuyachemsha?

BintiFuoni
Assalaam alaykum jamani. Nna suali, naomba msinicheke. Mama yangu ana miaka 67, usingizi umempotea kama miezi mitatu sasa, analala saa nne vizuri tu mpaka mnamsikia anakoroma, saa sita yuko macho kenda msalani, akirudi anajigeuzageuza, saa nane tena msalani, ikifika saa tisa keshakata tamaa anakaa na tasbihi yake mpaka alfajiri. Mchana sasa ndo anasinzia barazani majirani wanamtania. Ana presha, anatumia vidonge vya hospitali, sukari hana.

Sasa mdogo wangu alioko Uingereza kamletea boksi la chai ya kulalia, lina picha ya ua. Mie kuliona tu nikasema ebo, hili ua mbona ninalo uwani! Ni ua la mpasheni kabisa, lile lenye nyuzinyuzi za zambarau kama miale ya jua. Bi mkubwa ile chai keshainywa, anasema inamtuliza roho ingawa msalani bado anakwenda vilevile, lakini vipakti vilikuwa 20 tu vimekwisha, na kuagiza tena mpaka apatikane mtu wa kuja.

Huo mpasheni wangu niliupanda mwaka juzi, niliomba kikonyo kwa shoga yangu, umetambaa ukuta mzima mpaka umehamia kwa jirani. Maua tele, matunda ng'o! Ua linafunguka, linanyauka, linaanguka. Bi mkubwa anasema kama matunda hauzai basi tufaidi majani, tuchume tuanike tumchemshie. Mie roho inasita. Kuna alojaribu? Na huu mti kwa nini hauzai?

MtembezaSpaisi
Waalaykum salaam dada. Ya dawa siyajui ila ya jina nayajua sana, maana mie kazi yangu kutembeza wageni mashamba ya spaisi huku Kizimbani, na kila tukipita kwenye mpasheni wageni wanaanza kuchekeana, hasa walokuja fungate. Wanadhani lile jina ni la mahaba. Nawaambia jamani, mahaba hapa kwetu yana maua yake, kuna asumini, kuna kilua, mtu anafunga kikuba anakitia kifuani basi mume hatoki nyumbani. Hili jina lake ni la mateso.

Ukweli ni kwamba huu mmea kwao Amerika ya Kusini, na mapadri wa Kihispania walipofika kule wakaliona ua wakasema hili ni somo la mateso ya Yesu, sisi tunamwita Nabii Issa alayhi salaam na imani yetu kuhusu hilo ni nyengine, lakini hadithi ya jina ni yao naisimulia kama ilivyo. Nenda uwani ukahesabu, utakuta majani ya ua kumi, wao wakasema ni wanafunzi kumi, wawili wamewatoa, yule alomsaliti na yule alomkana. Ile miale ni taji la miba. Vile vitano vyenye unga ni majeraha, vitatu vya juu kabisa ni misumari, na vile vikono vinavojisokota kwenye waya ndo mijeledi. Mgeni akishasikia hayo kicheko kinakata pale pale, haha.

Ukihesabu ukakuta tofauti nambie, maana nimewahesabia watu mamia.

Yakhe_Wete
Chemsha yakhe, wasikutie khofu. Hapa Pemba kuna watu wanayachemsha majani ya pasheni wanashushia presha, nimeona na kwenye grupu la wasapu daktari mmoja kaandika. Miti shamba haina madhara, babu zetu walikuwa wakienda hospitali gani? Majani saba, maji kikombe kimoja, jioni. Mie udogoni kule Konde tukila mpaka vile vipasheni vya porini, vidogo vya manjano vimevishwa wavu wenye vinyweleo, majani yake yananuka ukiyagusa, na hakuna alokufa.

mwanafunzi_wa_dawa
Yakhe samahani kwa heshima zote, hapo lazima niingie, nasoma famasi na hili jambo linanikera kila nikilikuta kwenye hayo magrupu.

Dada, ua lililoko kwenye boksi na ua la uwani kwako ni ndugu, si mmoja. Jamii ya mipasheni ina aina zaidi ya 500. Wako ni Passiflora edulis, wa kula tunda. Unaotiwa kwenye chai na dawa za Ulaya ni Passiflora incarnata, kwao ni majimbo ya kusini mashariki ya Marekani, Wahindi Wekundu wa kule kama Wacherokee wakiutumia zamani sana kabla ya Wazungu. Huo unakufa juu wakati wa baridi halafu unachipua tena chini joto likirudi. Kutofautisha kwa jani ni tabu maana yote mawili yana ncha tatu, ila ua la wenzetu rangi yake ni zambarau ya mwangaza karibu lote, la kwetu ni jeupe na ile miale ina zambarau shinani tu. Angalia vizuri picha ya boksi halafu nenda ukutani. Na ubavuni mwa boksi soma viambato, maana chai nyingi za namna hiyo zinachanganywa na kamomili au valeriani, kwa hio hata hujui kilichomtuliza mama ni kipi.

Je huo wa Marekani wenyewe unafanya kazi? Kidogo, kwa wengine. Kuna utafiti wa Iran wa 2001, watu 36 wenye wasiwasi mwingi, nusu walipewa matone ya mmea huu nusu wakapewa oxazepam ambayo ni dawa ya hospitali, wiki nne. Makundi yote yalipata nafuu. Ya hospitali ilishika haraka zaidi, ila walotumia hio walilalamika zaidi kuwa kazini hawafanyi vizuri. Halafu kuna wa Australia wa 2011, watu 41, wiki moja chai ya ua hilo wiki nyengine chai ya majani mengine yasokuwa na lolote, wakawa wanaandika kila siku wamelalaje, ile wiki ya ua walijiona wamelala vizuri zaidi lakini kwa kiasi kidogo tu. Na hao walikuwa vijana wazima wa miaka 18 mpaka 35, si bibi wa 67 mwenye presha. Sasa hapo utaona habari ya grupu na habari yenyewe ziko mbali.

Majani ya kwetu ndo kabisa nisingemchemshia mama. Majani mabichi na matunda machanga ya jamii hii mengi yana kemikali ambayo ikivunjika inatoa sianidi, ile ile sumu ya muhogo mchungu. Na hapa hakuna alopima majani saba yana kiasi gani, ya mti huu au ya ule, ya masika au ya kiangazi.

Yakhe_Wete
Yakhe mwanafunzi, basi na kisamvu je? Si jani la muhogo lile? Tunakula kila wiki na nazi na tunaongeza.

mwanafunzi_wa_dawa
Hahaha suali zuri hilo wallahi. Kisamvu mama anakitwanga kwenye kinu mpaka kinasagika, halafu anakichemsha muda mrefu anamwaga maji. Kule kutwanga ndo kunaivunja ile kemikali, na kuchemsha kunaiondosha, babu zetu walijifunza hilo kwa muhogo vizazi na vizazi. Kwa jani la mpasheni nani alotufundisha? Wewe hapo unaliangusha zima kwenye kikombe unafunika na kisahani. Ndo kwanza unaifungia humo humo.

Yakhe_Wete
Umenishika hapo. Lakini lile tunda la porini lilikuwa tamu.

mwanafunzi_wa_dawa
Likiiva tamu kweli, hata mie nimelila. Likiwa kijani liache.

Na jengine dada nilisahau, bi mkubwa hanywi piritoni ili alale? Nauliza kwa sababu wazee wengi wanafanya hivo. Hii chai hata ile ya boksi haichanganywi na kitu chochote cha kulaza, iwe piritoni iwe vidonge vya usingizi, usingizi juu ya usingizi mtu anaamka anapepesuka. Mjamzito pia asiinywe, na mtu anaetarajia upasuaji awaambie madaktari mapema kwamba anaitumia, wao wana dawa zao za kulaza zisije zikakutana.

MkulimaDonge
Naona mumeshughulika na majani, mie nijibu la matunda maana nina ekari nzima ya hayo.

Bibie umesema uliomba kikonyo. Shoga yako na yeye alikitoa wapi? Natumai unaelewa ninapokwenda. Huku kwetu pwani unaostawi ni mpasheni wa tunda la manjano, ule wa zambarau unapenda milimani, Lushoto na Arusha huko. Sasa huu wa manjano una kibri, ua lake halikubali unga wake mwenyewe. Lazima unga utoke kwenye mpasheni mwengine ulo tofauti, na vikonyo vya mti mmoja hata uvipande kumi ni mti huo huo mmoja. Wewe na shoga yako muna mti mmoja nyumba mbili. Hapo maua yataanguka mpaka Kiyama.

Pili, anaepeleka unga ni nani? Nyuki wa asali ni mdogo, anaiba tu kisha anaondoka. Kazi hio ni ya yule dudu mweusi mkubwa anaevuma kama pikipiki, anaetoboa boriti na miti mikavu, watu wanamuua na dawa wakiona vitundu kwenye paa. Yule ndo fundi. Mgongo wake unafika pale penye unga kwa sababu ya ukubwa wake. Mie shambani nimemwekea magogo makavu ya mnazi makusudi atoboe anavotaka.

Huna dudu, fanya mwenyewe kwa mkono. Ua la manjano linafunguka mchana, mnamo adhuhuri, linafunga usiku. Ule wa zambarau unaamka alfajiri mchana ushalala, usije ukachanganya. Nenda kwa mtu mwengine kabisa mwenye mpasheni asili yake mbali na yako, mchumie maua mawili matatu mchana huo huo, rudi nayo. Vile vitano vyenye unga wa manjano uvisugue kwenye vile vitatu vya juu vya ua lako, vile ambavyo mtembeza wageni anaviita misumari. Subiri kwanza viiname chini, mara nyengine inachukua lisaa, kabla havijainama ni kazi bure. Mvua ikinyesha muda huo umekula hasara, unga unaroweka.

Kwa mbele huko panda na mbegu, tunda la Mwanakwerekwe tunda la Darajani, mbegu hazifanani basi zitakubaliana. Mti wenyewe hauishi sana, miaka mitatu minne unachoka au maradhi ya mizizi yanaumaliza, kwa hio usiuzoee ukauona mwanao.

BintiFuoni
Maskini weye, kumbe mti mmoja nyumba mbili! Shoga yangu wa Kwerekwe nikampigia simu hapo hapo, na yeye wake hauzai, tulikuwa tunadhani ni hasadi tushaanza kumfikiria mtu 😅

Nimekwenda kulihesabu ua, kumi kweli, vitano kweli, vitatu kweli. Na jeupe, miale zambarau shinani. Boksi nimelitoa kwenye taka, picha ni la zambarau zaidi na viambato vipo vitano, hilo ua ni la tatu kwenye orodha. Kwa hio nilikuwa naelekea kumchemshia mama kitu ambacho hata sicho. Piritoni kweli huwa anaomba, nimezificha.

nesi_mstaafu
Mwanangu BintiFuoni, nimesoma yote toka juu. Mie nimefanya kazi wodini miaka mingi, nikuulize mambo mawili. Umesema mama anaamka saa sita msalani, saa nane msalani. Kinachomwamsha ni nini, anaamka kwa kukosa usingizi ndo anakwenda msalani, au mkojo ndo unamwamsha? La pili, vidonge vya presha ni vingapi na anakunywa saa ngapi?

BintiFuoni
Shikamoo bi nesi. Nimemuuliza, kasema mkojo ndo unamwamsha, kisha usingizi haurudi. Vidonge ni viwili, kimoja kidogo cheupe wanasema cha kupanua mishipa, chengine ni cha kutoa maji mwilini. Anavinywa vyote viwili baada ya Isha. Zamani alikuwa anavinywa asubuhi ila toka alipojiunga na kikundi cha kina mama cha kushona makawa kavihamishia usiku mwenyewe, anasema kile cha maji akinywa asubuhi anaadhirika njiani kwenye daladala.

nesi_mstaafu
Marahaba. Basi usingizi wa mama uko hapo hapo mwanangu. Kidonge cha kutoa maji kinafanya kazi yake masaa kadhaa baada ya kumezwa, ukimeza saa mbili usiku kitakuamsha usiku, hakina habari kwamba umelala. Ndo maana kwa kawaida tunawaambia wanywe asubuhi. Tena shukuru hukumtilia chai ya kumlaza juu yake, mzee alolevywa usingizi anaeamka gizani kukimbilia choo ndo tunaempokea na nyonga iliovunjika, nimewaona wengi.

Lakini usivihamishe wewe wala asiache kukinywa. Nendeni kliniki anakochukulia dawa, mueleze daktari kila kitu, na hio chai umwambie, na piritoni umwambie, na hilo la daladala pia asione haya kulisema. Wazee wengi wanabadilisha saa ya dawa kwa sababu kama hizo na hawasemi. Kuna njia, anaweza kupangiwa anywe mapema sana alfajiri akisha kusali, mpaka saa nne kishamaliza safari zake za msalani ndo anatoka. Na akiwa mtu wa kahawa barazani baada ya Magharibi, aipunguze.

Yakhe_Wete
Bi nesi umetufunga mdomo sote. Mie nilikuwa na majani saba yangu 😂

MtembezaSpaisi
Yakhe nawe ulikuwa unataka kutuulia bibi.

BintiFuoni
Wapendwa narudi na habari, zimepita wiki tatu. Kliniki tulikwenda, daktari kasikiliza, kile cha kutoa maji kakirudisha alfajiri, cha mishipa kakiacha usiku. Bi mkubwa siku mbili za mwanzo alinuna, anasema mumenitia mashaka na kikundi changu, sasa kikundi kakiambia atakuwa anafika saa nne na nusu na hakuna alogombana nae. Analala, anaamka mara moja tu, mara nyengine hata hiyo hakuna. Jana nimemkuta saa kumi na moja na nusu bado kalala, mpaka nikaingia kumsogelea pua kuangalia kama anapumua!! Juisi ya pasheni anakunywa kama juisi, si kama dawa, na sukari nimempunguzia.

Na mpasheni: nilikwenda Mwera kwa shangazi, wake alipanda kwa mbegu, nikamchumia maua sita nikayaweka kwenye kontena la chakula nikapanda nalo daladala, konda akaniuliza ni chakula gani hicho. Mwanangu wa skuli ndo kapanda ngazi kayasugua, alfu moja kila ua litakaloshika ndo tulivokubaliana. Maua tisa tuliyafanyia, yaliyoshika manne, yashakuwa makubwa kama yai la kuku, kijani kibichi. MkulimaDonge yanachumwa lini?

MkulimaDonge
Maashallah. Hayachumwi. Toka ua mpaka kuiva hesabu miezi miwili na nusu hivi, likiiva linaanguka lenyewe unaokota chini. Ukilichuma kabla linanywea na utamu haufiki. Fagia chini pawe safi na uokote kila asubuhi kabla kuku.

BintiFuoni
Ahsante sana ami. Sasa hapo ndo pana tatizo. Matatu kati ya hayo manne yako upande wa jirani, ndiko kwenye jua na ndiko ngazi ilikofika. Sasa yakianguka si yanaangukia kwake?

Yakhe_Wete
Yakhe yakianguka kwake yashakuwa juisi hayo.

BintiFuoni
Nimeshawahi kumwambia mwanangu afunge wavu kwa chini. Anataka alfu tano.